Bunduki nyumbani Marekani: kila rangi na hofu yake

Duka la silaha lenye leseni ya serikali ya shirikisho halikuuzii bastola kabla hujajaza fomu 4473. Unaandika jina, anuani, urefu, uzito, mahali ulipozaliwa. Kisha fomu inakuuliza kama wewe ni Mlatino, na hapohapo inakuuliza rangi yako: Mweusi, Mzungu, Mwasia na kadhalika. Kisheria hakuna jibu la swali hilo linalokunyima silaha. Lakini kuna Wamarekani wawili wenye bastola ya aina moja, kila mmoja ameifungia kwenye sanduku la aina moja, na bado wakizungumzia usalama wa bunduki hawasikilizani hata dakika tano. Ukitaka kujua kwa nini, anzia kwenye visanduku hivyo viwili vya fomu.

Kwetu neno "usalama" limebeba mengi. Kuna usalama wa mtoto asiguse jiko, na kuna "watu wa usalama" ambao wakibisha hodi usiku unapunguza sauti ya redio. Wamarekani nao ni hivyohivyo. Mmoja akitaja usalama wa bunduki anawaza mjukuu asiifikie. Mwingine anawaza kijana wa mtaa wa pili mwenye bastola isiyo na karatasi. Wa tatu anamuwaza askari atakayemsimamisha barabarani. Mtafiti akipita na dodoso lake, wote watatu wanatia tiki penye neno hilo moja.

Tuziweke hesabu mezani. Utafiti wa Pew, kituo cha utafiti wa maoni, wa mwaka 2023 ulikuta kwamba 32% ya watu wazima wanamiliki bunduki wenyewe. Kwa Wazungu ni 38%, Weusi 24%, Walatino 20%, Waasia 10%. Vijijini ni 47%, mijini 20%. Wamiliki 72% walisema sababu kubwa ni kujilinda. Kujilinda na nani, hapo ndipo njia zinapoachana.

Ile 24% ya Weusi isomwe kwa uangalifu. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa asimiliki silaha, hata kama kosa lenyewe halikumwaga damu. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2010 karibu theluthi moja ya wanaume Weusi watu wazima walikuwa na hatia ya aina hiyo, wakati kwa watu wazima wote wa nchi ilikuwa 8%. Athari yake haiishii kwa huyo mwenye hatia. Chukua nyumba ambayo shangazi ana bastola yake halali na mpwa aliyetoka jela analala chumba cha pili. Bastola ikikaa kwenye droo ya sebuleni, mpwa akijua ilipo na akiweza kuifikia, mwendesha mashtaka anaweza kudai kwamba naye "anaimiliki", na adhabu ya kosa hilo tangu 2022 inafika miaka 15. Kwa hiyo shangazi anahitaji sanduku ambalo namba zake anazijua yeye peke yake, hata kama hakuna mtoto mdogo hapo nyumbani. Vipeperushi vya usalama vyenye picha ya baba Mzungu na mtoto wa miaka 4 havimwambii jambo hili kabisa.

Tuje kwenye vifo. Mwaka 2023 bunduki ziliua watu 46,728 Marekani. Waliojiua walikuwa 27,300, waliouawa na wenzao 17,927. Hao waliobaki ni ajali, polisi, na vifo ambavyo chanzo chake hakikujulikana. Ukizigawa kwa rangi, unapata kama nchi mbili. Kwa Wazungu, takriban vifo vitatu kati ya vinne vya bunduki ni vya kujiua, na wanaume wazee wa vijijini ndio wanaobeba mzigo mkubwa. Kwa Weusi, takriban vinane kati ya kumi ni mauaji, na wengi wa wafu ni vijana wa kiume wa mijini. Mzungu wa Wyoming anayesema "bunduki haijawahi kuleta shida kijijini kwetu" hadanganyi. Hajasikia milio usiku. Jirani aliyezikwa mwezi uliopita familia yake ilisema amefariki ghafla, na watu wakaheshimu kauli hiyo.

Hapa ndipo kampeni nyingi zinapokwama. Ukimwendea huyo mzee na maneno ya magenge ya Chicago, anakuona unataka kumnyang'anya silaha kwa makosa ya watu asiowajua. Zungumza naye habari ya rafiki yake anayepitia talaka au aliyefiwa na mke, atakusikiliza. Anayejaribu kujiua kwa bunduki hufa takriban mara tisa kati ya kumi, wakati anayemeza dawa mara nyingi huokolewa. Na wengi wanaonusurika hawafi baadaye kwa kujiua. Wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hupita ndani ya saa chache, hata dakika. Kinachookoa ni umbali: bunduki zitoke nyumbani kwa muda, zikae kwa ndugu au kwenye duka la silaha linalopokea amana, mpaka hali itulie. Kwanza angalieni sheria ya jimbo, maana baadhi ya majimbo yanataka anayepokea naye achunguzwe rekodi zake. Namba ya dharura kwa anayewaza kujiua ni 988, kwa simu au ujumbe, saa zote.

Upande wa pili wa mji, mama Mweusi mwenye watoto watatu ana hoja nyingine kabisa, nayo ina uzito. Anasema: polisi wakiitwa wanachelewa, na wakija sina hakika watamwona nani kuwa mhalifu. Bastola ikifungwa na kufuli mbili itanisaidia nini mlango ukivunjwa saa nane usiku? Kumjibu kwa takwimu za ajali za watoto ni kumkwepa. Jibu lake ni la vifaa, kwa hiyo tuvitazame vifaa kwa karibu.

Kufuli ya waya ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, na mara nyingi hutolewa bure; mpango wa Project ChildSafe umegawa mamilioni yake. Kasoro ni kwamba nyingi hugawiwa kwenye vituo vya polisi. Ukimwambia mtu ambaye hofu yake kuu ni polisi aende kituoni akaseme "nina bunduki nyumbani, nipeni kufuli", usishangae asipokwenda. Zahanati, makanisa na vinyozi vingefaa zaidi.

Kuifunga kwenyewe kunataka utaratibu, na utaratibu ukigeuzwa mtu hufa. Kidole kitoke kwenye kifyatulio na kilazwe ubavuni mwa bastola. Mtutu uelekee mahali ambapo risasi ikitoka haitampata mtu, na hapa mgeni wa Marekani aelewe jambo moja: kuta za ndani za nyumba nyingi kule ni mbao na bodi za jasi, risasi inazipita na kuingia chumba cha watoto. Usiuchukulie kama ukuta wa matofali wa Arusha. Toa magazini, lile kasha la risasi, kwanza. Halafu vuta slaidi, ile sehemu ya juu, mpaka mwisho, ili risasi iliyomo kwenye chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa, iruke nje, na uifunge slaidi ibaki wazi. Chungulia chemba, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uipapase, maana gizani jicho hudanganya. Ndipo unapopitisha waya kwenye tundu la kutolea maganda, utokezee chini panapoingia magazini, na kufunga. Slaidi haiwezi kurudi mahali pake, bastola haiwezi kulia.

Kosa linaloua ni kuvuta slaidi kabla ya kutoa magazini. Risasi ya kwanza inaruka, mtu anatabasamu, lakini slaidi ikirudi imekwishabeba nyingine kutoka kwenye magazini. Anatoa magazini, anaamini bastola ni tupu, anabonyeza "kuhakikisha". Kosa la pili ni kudhani magazini ikitoka silaha imekufa; bastola nyingi hulia vizuri tu bila magazini kama kuna risasi kwenye chemba. Kwa bastola ya silinda, fungua silinda, toa risasi zote uzihesabu, halafu pitisha waya kwenye uwazi wa fremu ili silinda isifunge. Na ile kufuli ya kubana kifyatulio isivalishwe kamwe bunduki yenye risasi, kwa sababu yenyewe inaweza kukisukuma wakati wa kuivalisha.

Sasa yule mama wa saa nane usiku. Kwake waya haufai kwa bastola ya kujilinda, na kumlazimisha ni kumfanya aache kufunga kabisa. Kinachomfaa ni sanduku dogo la chuma lenye vitufe, lililofungwa kwa boliti kwenye fremu ya kitanda, kwa sababu sanduku lisilofungwa popote mwizi hulibeba na vilivyomo. Ajizoeze kulifungua gizani mpaka vidole vikariri. Betri zibadilishwe kwa tarehe maalumu, na ufunguo wa akiba usikae chumba hichohicho. Masanduku ya alama za vidole yanapendwa, lakini mwaka 2023 makumi ya maelfu ya masanduku ya aina moja yaliitwa yarudishwe baada ya mtoto wa miaka 12 kufa: lilikuwa likifunguka kwa kidole cha mtu yeyote, huku mwenyewe akiamini ameshaliwekea chake. Ukinunua la aina hii, sajili kidole chako, kisha waite wote waliomo nyumbani, pamoja na watoto, kila mmoja ajaribu mara kumi, sanduku likiwa tupu. Likifunguka hata mara moja, lirudishe dukani.

Watoto milioni 4.6 hivi wanaishi katika nyumba za Marekani zenye bunduki iliyojazwa na isiyofungwa. Tangu mwaka 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa mwaka 1 hadi 19 nchini humo. Kwa hiyo mazungumzo ya rangi yasiwe kisingizio cha kuacha droo wazi.

Lakini kufuli si sheria, na kwenye sheria Wamarekani Weusi wana kumbukumbu ndefu. Mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeisha miezi michache tu, Mississippi ilitunga sheria ya kumkataza Mweusi aliyeachwa huru kuwa na silaha bila kibali cha wakubwa wa kaunti. Mwaka 1892 mwandishi Ida B. Wells, baada ya kundi la watu kuwaua rafiki zake Memphis, aliandika kwamba bunduki ya Winchester inastahili mahali pa heshima katika kila nyumba ya Mweusi. Martin Luther King, ambaye leo anakumbukwa kwa amani peke yake, aliomba kibali cha kubeba bastola Alabama mwaka 1956 baada ya nyumba yake kulipuliwa kwa bomu. Alinyimwa. Mwaka 1964 huko Jonesboro, Louisiana, wanaume Weusi waliunda Deacons for Defense and Justice, wakawa wanakesha na bunduki kuwalinda wanaharakati. Tarehe 2 Mei 1967 wanachama wa Black Panther, chama cha wanaharakati Weusi, waliingia jengo la bunge la California na bunduki mikononi. Mwaka huohuo gavana Ronald Reagan akasaini sheria ya Mulford iliyopiga marufuku kubeba hadharani bunduki yenye risasi, na NRA, chama cha wamiliki wa bunduki ambacho leo kinapinga karibu kila udhibiti, kiliiunga mkono.

Kwa hiyo Mmarekani Mweusi anaweza kutaka udhibiti mkali wa silaha, kwa kuwa amezika vijana, na papo hapo akawa na shaka na yule anayepewa kalamu ya kuudhibiti. Wazungu wengi, wa kulia na wa kushoto, wanaona hapo pana kigeugeu. Sisi tunaona ndiyo hesabu sahihi kuliko za pande zote mbili.

North Carolina inaonyesha ugumu wenyewe. Tangu mwaka 1919 aliyetaka kununua bastola alihitaji kibali cha sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Machi 2023 bunge la jimbo lilipindua kura ya turufu ya gavana na kuifuta sheria hiyo. Waliotaka ifutwe walisema ni mabaki ya enzi za ubaguzi, kwamba masherifu waliitumia kuwanyima Weusi. Na wabunge wa chama cha Democratic, Weusi wakiwemo, waliipigia kura ibaki. Kigeugeu? Hata. Kibali hicho ndicho kilichokuwa kinamlazimisha hata anayenunua kwa mtu binafsi achunguzwe. Tatizo lilikuwa uhuru wa sherifu kukataa apendavyo, na hilo lingerekebishwa kwa kuandika masharti yaliyo wazi na muda wa kujibu. Walifuta vyote viwili, dawa na sumu yake.

Uchunguzi wenyewe nao una tundu. Duka likituma jina lako, jibu huwa ni endelea, katazwa, au subiri. Ikiwa ni subiri na siku 3 za kazi zikapita bila jibu, sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji akuuzie. Ndivyo alivyopata bastola yule Mzungu mbaguzi aliyewaua waumini 9 Weusi katika kanisa la Emanuel, Charleston, mwaka 2015; rekodi ambayo ingemzuia ilikuwepo, ila haikupatikana kwa wakati. Ukimuuliza Mweusi wa South Carolina kama siku 3 zinatosha, anajibu akiwa na kanisa hilo akilini.

Gharama nazo huchuja watu kimyakimya. Illinois inataka kadi ya kumiliki silaha ya dola 10, na kwa anayetaka kubeba bastola iliyofichwa, mafunzo ya saa 16 pamoja na ada ya dola 150 kwa mkaazi, mbali na ada ya mwalimu. Anayelipwa kwa saa anakosa pia mishahara ya siku mbili. Wengine huamua kubeba bila kibali, kisha hukamatwa kwa hilo, na kosa hilo ndilo linalowatoa moja kwa moja kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Usisahau pia kwamba hukumu ya Mahakama Kuu Kabisa ya mwaka 2010 iliyoangusha marufuku ya bastola Chicago ina jina la mzee Mweusi mstaafu, Otis McDonald, aliyekuwa amechoshwa na wezi mtaani kwake.

Halafu kuna barabara. Tarehe 6 Julai 2016, Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile, mwanamume Mweusi, alisimamishwa na askari. Alikuwa na kibali. Sheria ya Minnesota inamtaka mwenye kibali aseme kama ana silaha pale tu anapoulizwa, lakini yeye alimwambia askari mwenyewe, kwa heshima. Askari alifyatua risasi 7, akamuua. Mwaka uliofuata baraza la mahakama lilimwachia askari huyo. Tangu siku hiyo, katika madarasa ya wamiliki Weusi, somo la kusimamishwa barabarani linachukua nafasi kubwa: zima injini, washa taa ya ndani, mikono yote miwili juu ya usukani na vidole vimetanuka. Leseni na kadi ya bima ziwe zimekwishatolewa na kuwekwa juu ya dashibodi kabla askari hajafika dirishani, zisikae upande mmoja na bastola. Neno la kwanza lisiwe "bunduki". Sema "nina kibali cha kubeba, ninayo leo, niambie nifanye nini", kisha usisogee mpaka uambiwe. Majimbo mengine yanakulazimisha useme papo hapo, mengine mpaka uulizwe. Anayevuka mpaka wa jimbo ajue sheria ya huko kabla hajaondoka. Na bado, Castile alisema. Darasa halina jibu la hilo.

Sura ya mmiliki inabadilika. Kati ya Januari 2019 na Aprili 2021 watu wazima wapatao milioni 7.5 walipata bunduki kwa mara ya kwanza. Karibu nusu walikuwa wanawake, na Weusi walikuwa kama mmoja kati ya watano. Wengi wao hawakukulia kwenye nyumba ya bunduki, hawana babu aliyewafundisha kuwinda. Hao ndio wanaohitaji ule utaratibu wa waya kuliko yeyote.

Wamo pia watu wetu. Wakongo wanaozungumza Kiswahili Louisville, Wakenya wa Texas, Watanzania wa Ohio. Mwenye kadi ya kijani anaweza kununua kama raia, akipita uchunguzi. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 hawezi, isipokuwa awe na leseni halali ya kuwinda au msamaha mwingine ulioandikwa kwenye sheria. Na si kununua tu: akialikwa na wanadarasa kwenda kulenga shabaha, akaishika bastola ya kukodi hata nusu saa, amevunja sheria ya shirikisho na amejiwekea doa kwenye faili la uhamiaji. Picha aliyoituma kundi la WhatsApp ndiyo ushahidi. Kumnunulia mwingine asiyeruhusiwa, hata awe binamu, nako kunafika miaka 15.

Linalowashinda wengi ni dogo kuliko yote hayo: kuuliza. Mtoto amealikwa kwenye sherehe ya kuzaliwa nyumbani kwa mwanafunzi mwenzake, na wewe unaona haya kumuuliza mwenye nyumba habari za silaha, kana kwamba unamwita jambazi. Baadhi ya wazazi wa Kimarekani huulizana, kama wanavyouliza habari za mzio wa karanga na mbwa. Kwa Mzungu wa mashambani uliza ukichukulia kwamba zipo: "Za hapa zimefungiwa wapi?" Kwake hilo ni swali la mtu anayejua mambo. Kwa jirani Mweusi, swali hilohilo likitoka kwa mgeni linaweza kusikika kama tuhuma, kwa hiyo tanguliza la kwako: "Kwetu hakuna bunduki," au "Yetu iko kwenye sanduku, na ninyi je?" Na kwa Mswahili mwenzio: "Samahani dada, huyu wangu hakai na kitu mkononi, anachokonoa kila droo. Kama kuna silaha ndani, imefungwa?"